Viatu vya Jumatatu

...na maharage, alisema Mishi, maharage ndiyo dawa yake, unayatia kwenye mfuko wa nailoni, unayamwagia maji kidogo, unafunga, unasokomeza ndani ya kiatu, ukiamka asubuhi maharage yamevimba na kiatu kimesalimu amri, lakini Mishi ni jirani wa ukuta mmoja, Evodia anamjua, maneno yake matamu ila maharage yake hayatoi, na ni nani mwenye akili timamu atakayetia chakula cha watu ndani ya kiatu alichokivaa Mzungu mpaka akakichoka, kikafungwa robota, kikaja kumbana mume wa mtu huku Dodoma, hapana, yeye alikuwa na karatasi zake, mchapaji wa ofisi ya mkoa hakosi karatasi nyumbani, akazikunjua gotini moja moja, akazilowesha kwenye beseni, akazikamua nusu, zisiwe chapachapa wala zisiwe kavu, akazifinyanga matonge, akalisukuma tonge la kwanza kwa kidole gumba hadi mwisho kabisa wa kiatu cha kulia, pale panapombana Baba Fredy vidole, kisha la pili, kisha la tatu, ngozi ikaanza kutoa mlio mdogo wa manung'uniko, nung'unika tu, ndiyo kutanuka kwenyewe huko... na upepo wa Julai, ule usio na adabu, ulikuwa ukizunguka uani na mavumbi yake, Jumapili saa kumi jioni, kanisani wamekwisha kwenda na kurudi, na mwenye miguu yake, Gaudence, mume wake wa ndoa, ameketi kwenye kigoda hatua tano kutoka alipo, amempa mgongo ili kukwepa vumbi, suruali ameikunja hadi magotini na miguu yote miwili ameizamisha kwenye beseni lake la maji ya moto yenye chumvi, maana ana nadharia yake, kiatu kitanuliwe huku na mguu ulainishwe kule, wakutane katikati, asionewe mtu, na mkononi kashika karatasi ya hotuba, anaisoma kwa sauti, anasita, anarudi nyuma, "Ndugu Katibu, mgeni wetu wa heshima, kwa niaba ya wenzangu kumi...", anauliza bila kugeuka iwe mgeni wa heshima au mgeni mheshimiwa, na Evodia anajibu vyote sawa, kwa sababu saa ile vyote vilikuwa sawa kweli. Jana Gaudence alikwenda mnada wa Msalato kwa ajili ya viatu tu, akarudi saa tisa ananuka moshi wa nyama, viatu kavibeba kifuani kama jogoo wa mahari, vya kahawia, vya kamba, soli ya ngozi, akasema tazama, Mama Fredy, vitu hivi havitengenezwi tena, na kweli vilikuwa vizuri, ubaya wake mmoja tu, vilikuwa namba nane na Gaudence anavaa tisa, lakini muuzaji alikwisha kumjaza maneno kwamba ngozi halisi ni kama ndoa, inabana mwaka wa kwanza tu, na Gaudence aliyaleta maneno hayo nyumbani akicheka, na Evodia akacheka, wamecheka sana siku hizi mbili, tangu Ijumaa, tangu alipoingia na baiskeli yake bila kuitia mnyororo, bila hodi, akasimama mlangoni akasema wameniita... Wameniita, maana yake mkuu wa idara yao ya ramani alipita mezani akawanong'oneza watu kumi na mmoja, si wote, kumi na mmoja tu, Jumatatu saa nne wafike ukumbini, Katibu anakuja mwenyewe kutoka Dar es Salaam, wavae vizuri na wasichelewe, na Gaudence akapiga hesabu zake palepale, mtu haambiwi avae vizuri kwa jambo baya, kwa jambo baya unaletewa barua, na kama wameitwa wachora ramani basi ni mji, mji unafufuliwa, ile mitaa aliyoichora kwa wino mweusi miaka kumi na minane, bustani, posta, njia za waenda kwa miguu, ambayo mpaka leo ni vichaka vya miiba na mbuzi, kuna siku alimshika Evodia mkono katikati ya pori, wanatoka kutafuta kuni, akamwambia tusimame kidogo, hapa tunavuka barabara, akatazama kushoto, akatazama kulia, ndipo wakavuka, na Evodia alicheka mpaka akaangusha mzigo wa kuni, lakini alivuka, alimfuata akavuka barabara ya mumewe. Wenzake wamemchagua yeye aseme neno la shukrani, kwa kuwa ana sauti, na kwa kuwa ndiye mkongwe wao, na mkongwe hawezi kusimama mbele ya Katibu amevaa makubadhi.

Kiatu cha kulia kilishiba, akakiweka kivulini, jua huikakamaza ngozi, akashika cha kushoto, huyu wa kushoto ndiye mkaidi, Gaudence mguu wake wa kushoto una kifundo pembeni ya kidole gumba, alikanyagwa na ng'ombe utotoni kwao Bahi, hata viatu vya arusi vilimuumiza upande huohuo, alicheza muziki wa arusi yake akichechemea na wazee wakadhani ni mtindo... karatasi mbili zimebaki, sasa moja, na hii ya mwisho ilikuwa ndefu, nzito, ya ofisi, aliiharibu mwenyewe Alhamisi kwa kosa la mwanafunzi, alipachika kaboni kinyume, wino ukapiga mgongoni mwa karatasi badala ya kwenye nakala, ikabidi achape ukurasa mzima upya, na Bwana Thobias wa utumishi alimwambia kilichoharibika kichomwe, kisitoke humu, na yeye akajibu ndiyo mzee, na nia alikuwa nayo, kiberiti alikuwa nacho, mkono ndio uliokataa, mtu aliyekuwa mchapaji miaka ile ya foleni hachomi karatasi, haiwezekani, miaka ile walichapa barua za serikali nyuma ya ramani kuukuu, walifungua bahasha za watu wakazigeuza ndani nje ziende safari ya pili, karatasi ilikuwa na heshima ya sabuni, na ingawa sasa ni ruksa, maduka yamejaa, madaftari yanauzwa hadi kwenye kibanda cha chumvi, mkono haujapata habari za ruksa, mkono ulikunja ule ukurasa mara nne ukautia mkobani chini ya kanga kama ulivyozoea, utafungia karanga, utawashia jiko, utapanulia kiatu, akaukunjua sasa akautandaza juu ya maji, ukakaa juu kidogo kama mtoto asiyetaka kuoga, halafu ukalegea, maji yakaupanda, namba zikaonekana za mbele na za nyuma kwa pamoja, na jicho lake, lisilokuwa likitafuta chochote, likapanda hadi ukingo wa beseni, kwenye rangi nyeusi iliyoandikwa hapo miaka mingi, likashuka kwenye karatasi, likapanda tena kwenye beseni, likashuka. Sita moja saba, sifuri nne tatu. Kwenye beseni, sita moja saba, sifuri nne tatu. Kwenye karatasi... hapana, maji yanacheza, maji huvunja vitu, hata kijiko ukikitia kwenye glasi huonekana kimevunjika, akaushika ukurasa kwa pembe mbili akauinua, maji yakachuruzika hadi kwenye viwiko, akauleta karibu na uso, sita, moja, saba, na ile saba ya taipureta yake yeye, iliyokatika mkia, hakuna taipureta nyingine mkoani yenye saba iliyokatika mkia, sifuri, nne, tatu. Hiyo si namba ya kukosea. Hiyo ni cheki namba ya Gaudence, ile inayokaa juu ya hati ya mshahara kila mwezi, na aliipiga kwenye beseni kwa kile kibati chake cha kuchorea tarakimu kwa sababu kwenye bomba la kota mabeseni hupotea, na jina halikusaidii kitu, kina Gaudence ni watatu kota nzima, lakini namba ni ya mtu mmoja Tanzania nzima, alisema, hata nikifa hapewi mwingine, kwa hiyo ipo kwenye beseni, ipo kwenye baiskeli, kwenye mpini wa jembe, ubavuni mwa kigoda alichokikalia sasa hivi, hata nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, watu wa kota wanamwita Mzee Namba na yeye anaitika, na kwenye karatasi namba hiyo ilikuwa ya kumi na saba kutoka juu, mbele yake tarehe ya kuajiriwa, Januari 1975, na mbele ya tarehe hiyo, kwenye safu ya mwisho, mwisho wa utumishi, tarehe thelathini Septemba. Alishtuka. Si kwa mikono wala kwa mdomo, alishtuka ndani kabisa, na nje hapakuwa na kitu, mwanamke anapanua viatu. "Tumefarijika," ilisema sauti ya Gaudence, "tumefarijika sana, hapa nimeandika sana mara mbili, niache moja?" na mdomo wake ukajibu, mdomo tu, peke yake, acha moja.

Alhamisi. Ngoja. Alhamisi saa nane na nusu Bwana Thobias alimwita ofisini kwake na taipureta yake, akafunga mlango, akafunga na dirisha, akampa kurasa nne za mwandiko wa mkono, watakaopunguzwa, awamu ya kwanza, habari hizo zilikuwa zimezagaa tangu Pasaka, kila mtu akisema si sisi, ni Dar es Salaam, ni madereva, ni wasio na vyeti, ni wale wa idara zile, na kila idara ikiita nyingine idara zile, na Evodia alikula kiapo cha siri mwaka wa sabini na nane, ameshika Biblia kwa mkono wa kulia, hakuwa na haja ya kukumbushwa, na Bwana Thobias hakumkumbusha, alisema kitu kingine, alisema, "Hakuna majina, Mama Fredy. Nimeacha namba tupu, ili moyo wako usipate tabu." Na yeye alimshukuru, Mungu wangu, alisema ahsante mzee, akakaa, akachapa, na akachapa vizuri, kwa sababu mchapaji bora, walifundishwa chuoni, ni yule ambaye ukimuuliza amechapa nini atakujibu hajui, jicho lichukue, kidole kitoe, kichwani kusipite mtu, na miaka kumi na mitano Evodia alikuwa huyo bora, amechapa uhamisho wa watu, onyo la watu, kifo cha watu, akiwaza mchicha, na Alhamisi ile alisema maskini, hilo analikumbuka, alisema maskini kimoyomoyo kwa ajili ya watu wasio na majina, huruma nyepesi, si wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, alilibeba hilo kanda lake la usufi kurasa nne nzima wala bega halikumuuma, na alipomaliza ukurasa wa pili akauliza kama kuna chai... na kaboni ile, kaboni iliyogeuka, maana yake huu ukurasa aliuchapa, ukaharibika, akauchapa upya, namba ya baba wa mtoto wake imepita kwenye vidole hivi mara mbili na vidole havikusema kitu. Au vilisema. Ngoja. Palikuwa na mahali, katikati ya ukurasa, anapakumbuka sasa, mahali ambapo vidole vilikwenda haraka bila jicho kuviongoza, vikaenda kama mtu aliyefika njia ya kwao, alihisi raha kidogo, kweli raha, akadhani ni uzoefu... na Bwana Thobias muda wote huo amesimama dirishani, dirisha limefungwa, anatazama nini kwenye dirisha lililofungwa, mtu yule alikula pilau hapa, uani hapa, siku ya komunyo ya Fredy, amekalia kigoda hichohicho, akaitania hiyo namba ubavuni, akasema Gaudence huyu hata akizikwa atapigwa namba, watu wakacheka, kwa hiyo anaijua, anaijua kama anavyoijua yeye, alikaa akaiandika kwa kalamu yake, sita moja saba, akijua ni ya nani, halafu akatembea hadi chumba cha wachapaji, wapo wanne mle, Miriam angeisoma orodha yote mpaka kituo cha mwisho, yule Sikudhani naye angelia, akamchagua Evodia. Akamchagua kwa sababu Evodia hasomi. Na ile chai aliyomwagizia ilikuwa ya maziwa. Hasira ilimjia hapo, ikaja moto, lakini hata hasira haikujua pa kutua, itue kwa Bwana Thobias aliyeogopa, au kwa hao wa Dar es Salaam waliotaka idadi, au kwa huyu mwanamke mwenye mikono ya maji, aliyejisifu miaka kumi na mitano kwa ufundi wa kutokujua.

"Mama Fredy, upo?" Nipo. "Naona kimya." Ni huyu wa kushoto, mkaidi. "Mkaze tu, ana dharau huyo," na akacheka, na maji ya beseni lake yakasikika yakicheka naye, mabega yake mapana yametulia, shati la nyumbani lina tundu dogo karibu na ukosi, shingo imeanza kupata mikunjo, lini ilianza, na Evodia akaona kwamba anamhurumia mpaka anamwogopa, na akaona kwamba mikono yake, ile mikono, inaufinyanga ukurasa, inaufanya tonge, inausukuma ndani ya kiatu cha kushoto, ndani, ndani zaidi, mpaka penye kifundo, vizuri, ukae huko, asijue, alale usiku huu kama mtu, ale ugali wake wa jioni kama mtu, huo ndio upendo, si upendo ni nini, kumpa mtu siku moja zaidi, kesho wataambiwa kumi na mmoja wote pamoja, kumbe ndicho walichoitiwa, na kilio cha wengi, wanasema, ni arusi, na yeye Evodia atapokea habari jioni kama wake wengine, atapiga ukelele, atakaa chini, nani atajua, kiapo kitabaki kizima na kazi yake itabaki, maana hilo nalo, akifungua mdomo na ijulikane kwamba ukurasa wa siri umetoka ofisini umekunjwa chini ya kanga, watampunguza na yeye, tena bila orodha, na hapo nyumba itabaki na nini, Fredy yuko kidato cha tatu Kondoa, ameandika juzi tu kwamba shule imetaka sare mpya, kwa hiyo nyamaza, mke mwenye busara... "Sasa sikiliza hapa," alisema Gaudence, "hapa ndipo penye uzito," akakohoa, akainyoosha karatasi yake, na akasoma, kwa ile sauti ya kusomea masomo kanisani, "Ndugu Katibu, sisi ni watu tuliochora mji ambao wengine hawauoni. Tunakushukuru kwa kuwa wewe umeuona, na umetuona." Akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza kuhusu mtoto mgonjwa, kama imezidi.

Haijazidi, akasema Evodia, na alipoyasikia maneno hayo yakitoka akauona ukumbi, wala hakutaka kuuona, ulikuja wenyewe, viti vya mbao, meza yenye kitambaa cha kijani, mtungi wa maji, Katibu kaketi na jalada lake mbele, Bwana Thobias kando yake anayachunguza makucha yake, na kabla jalada halijafunguliwa, kwa sababu Gaudence amepanga kuwahi, anasema shukrani ikitangulia huufungua moyo wa mgeni, Gaudence anasimama, mrefu, viatu vinang'aa, anasema kwa niaba ya wenzangu, anasoma kuanzia juu hadi chini, tuliochora mji, umetuona, na hakuna anayemzuia, ni nani atamzuia, watainamisha macho, wataacha mpaka amalize, halafu jalada litafunguliwa. Hapana. Hapana, hilo hapana. Akautoa ule ukurasa ndani ya kiatu, ukatoka umekunjamana, wino umeanza kupaka vidole, akaurudisha, akautoa. Hata bila hotuba, haya, tuseme mafua yanamkamata usiku sauti inakauka, tuseme mwingine anasema badala yake, bado kuna jioni, kesho jioni, atarudi, ataegemeza baiskeli ukutani, atakaa hapo, kisha atauliza kitu kimoja, kwa sababu ni mtu wa michoro, hukiangalia kitu kikiwa kimemalizika akauliza mstari wa kwanza ulianzia wapi, atauliza nani aliichapa orodha. Na wachapaji ni wanne tu, na mambo ya siri hupewa mmoja, na kota nzima inamjua huyo mmoja. Ulijua? Sikujua, Baba Fredy, nakuapia kwa mama yangu, sikusoma, namba tupu. Hukujua mpaka lini? Na hapo ndipo alipo sasa, hapa hapa, kwenye kigae hiki cha uani, mikono imejaa wino, maana atamjibu nini, kumdanganya hajawahi kuweza, atasema mpaka jana, Jumapili, saa kumi jioni, na Gaudence hatafoka, hajui kufoka, atahesabu, saa kumi jioni mpaka saa nne asubuhi, saa kumi na nane, atauliza katika hizo saa kumi na nane ulifanya nini, Mama Fredy, na jibu litakuwa moja na la kweli kabisa. Nilikupanulia viatu.

Akakaa wima. Hili lilimshtua kuliko namba yenyewe, kwa sababu namba aliandikiwa na mwingine, na hili anajiandikia mwenyewe, tena sasa hivi, dakika kwa dakika, alijidhani yuko katikati, anapima, aseme asiseme, kumbe hakuna katikati, tangu jicho liliposhuka kwenye karatasi ameshaanza kumficha, hiyo acha moja ilikuwa kumficha, hiyo haijazidi ilikuwa kumficha, hotuba ya aibu ya mumewe ameshaitengeneza sehemu mbili kwa mdomo wake, Alhamisi alikuwa mkono, mkono wa watu, una udhuru wake mbele ya Mungu na mbele ya kota, lakini mkono huu wa Jumapili ni wa nani, Bwana Thobias hayupo hapa, hakuna dirisha lililofungwa, hakuna kiapo... kiapo kipo, sawa, kipo, alishika Biblia, lakini Biblia hiyohiyo aliishika na siku nyingine, na siku ile upande wa pili alikuwa huyu anayechezesha vidole majini, na kama watampunguza na yeye basi wampunguze, watalima, watauza karanga, Mishi anauza mkaa na anakula, na maharage anayo ya kuringia, njaa wanaijua, wameipita na foleni zake, njaa haikuwahi kuingia katikati yao wawili, lakini hiki, hiki kingeingia na kisingetoka, wangekaa nacho chumbani kama mgeni wa tatu mpaka uzee, Gaudence akimpisha njia kwa upole, akisema ahsante, akisema sana mara moja. Aliogopa. Na upepo ukaleta vumbi likamwingia mdomoni, akalitema, akaufungua ule ukurasa kwenye goti lake, taratibu, usichanike, akaulainisha kwa kiganja kuanzia juu mpaka namba ya kumi na saba, na huko mbele yake Gaudence alikuwa amefika mwisho wa hotuba, "nawaombea safari njema ya kurudi," akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati akaipigapiga hapo ilipo, na jua likiwa palepale, na kiatu cha kushoto kikiwa wazi tumbo tupu, na Evodia akayatafuta maneno ya kuanzia, hayakuwahi kuchapwa maneno hayo mahali popote.

"Baba Fredy," akasema, "toa miguu majini uje ukae hapa karibu nami."

Akageuka. Akasema loo, mapema hivi, mafundi wengine wangehitaji usiku kucha, akaifuta miguu kwa ncha ya shati, wa kulia, kisha wa kushoto, akaja anakanyagia visigino ili asipate vumbi, uso wote umefurahi, akaketi mbele yake kwenye kigae, akaunyoosha mguu wa kushoto juu ya goti lake, juu ya ile karatasi, akangoja kuvalishwa.